Nyuzi za Kairo, sauti ya Unguja

Mwaka 1905 tumefundishwa kuukumbuka kwa Vita vya Maji Maji. Mwezi Julai watu wa Umatumbi waling'oa mipamba waliyokuwa wakilazimishwa kuilima, na kwa miaka miwili iliyofuata kusini ya Tanganyika ikawa vitani na Wajerumani. Mwaka huohuo, Unguja mjini, vijana waliozoea kukutana jioni kupiga udi na kuimba waliamua kujiundia chama chenye jina, viongozi na taratibu zake. Wakakiita Nadi Ikhwan Safaa, jina walilolichukua kwa wanazuoni wa Basra wa karne ya 10.

Chama hicho kingali hai na kingali kinapiga. Kimepita chini ya masultani wanne, chini ya ulinzi wa Waingereza, kimeuona uhuru wa Desemba 1963, Mapinduzi ya Januari 1964 na Muungano wa Aprili mwaka huohuo. Kilikuwepo kabla ya redio kufika visiwani na kabla ya jina Tanzania kutungwa. Anayetafuta okestra ya jadi ya taifa hili, yenye fidla zake, besi yake kubwa, ala zake za nyuzi za kudonoa, waimbaji wake na hazina ya nyimbo zilizorithishwa kizazi kwa kizazi, hana haja ya kuitafuta Ulaya. Iko Mji Mkongwe, na wenyeji wa Unguja wengi huiita kwa jina la mtaa wake tu: Malindi.

Ulinganisho mmoja utasaidia kuona uzito wa tarehe hiyo. London Symphony Orchestra, inayohesabiwa miongoni mwa okestra kubwa za dunia, iliundwa mwaka 1904. Walioiunda ni wapigaji waliojitenga na okestra ya Queen's Hall wakaanzisha ya kwao, wakiimiliki na kujitawala wenyewe. Ya Unguja ni ndogo kwa mwaka mmoja tu. Na hii nayo ilikuwa mali ya waliopiga. Kwa maoni yangu jambo hilo la umiliki ndilo linaloeleza kwa nini imedumu, kuliko hata uzuri wa muziki wake.

Huenda msomaji wa Mwisenge, Musoma, aliyezoea upepo wa Ziwa Victoria na sauti ya litungu kwenye harusi za Wakurya, akauliza mambo haya ya visiwani yanamhusu nini. Yanamhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni maji. Mto Mara unamwaga maji yake ziwani karibu na Musoma, Mto Nile unatoka ziwani pale Jinja, na Nile inapita katikati ya Kairo. Kwenye njia hiyo hiyo ya mto, kuanzia Misri na nchi ya Wanubi, Sudan, Ethiopia, Uganda, magharibi ya Kenya hadi huku kwetu Mara, zimetapakaa ala za ukoo mmoja: kibuyu au bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili, mti wa kukingama juu, na nyuzi zinazoshuka kutoka kwenye mti huo. Wanubi wana kisir, Waethiopia wana krar, Waluo wa Rorya wana nyatiti ya nyuzi nane, Wakurya wana litungu, nalo lina nyuzi nane. Mara ni karibu mwisho wa ukoo huo upande wa kusini. Unguja ilizipokea nyuzi zake za Kairo kwa bahari. Sisi ala yetu ina jamaa hadi Kairo kwa nchi kavu na mto. Njia ya pili inapita katika shule ya Mwisenge yenyewe, na tutaifikia.

Kisa cha nyuzi za bahari kinaanzia kwa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Alikuwa mtu aliyeona dunia. Ujanani, baada ya kushindwa kumpindua kaka yake Majid, alipelekwa uhamishoni Bombay. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza, na akapita Misri. Huyu ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini na kujenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Simulizi za wanamuziki wenyewe zinasema kwamba alipendezwa mno na muziki wa Misri hata akaleta wapigaji kutoka huko kumtumbuiza, kisha akampeleka Kairo Mzanzibari aitwaye Mohamed Ibrahim akajifunze ganuni. Mohamed Ibrahim akarudi, akafundisha wenzake, na kasri ikawa na kikundi chake.

Muziki wa kasri una raha zake na una hatari yake. Raha ni kwamba ala zinanunuliwa na mfalme, mpigaji anakula na kulala bila wasiwasi. Hatari ni kwamba unategemea pumzi ya mtu mmoja. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga kasri ya Unguja kwa mizinga, na vita vile havikutimiza hata saa moja. Sultani aliyejitawaza akakimbilia kwa Wajerumani, Hamoud bin Mohammed akawekwa mahali pake, na tangu hapo mwenye nguvu Zanzibar alikuwa Mwingereza. Kikundi cha muziki ambacho kina mlezi mmoja tu, na mlezi huyo kapunguziwa fedha na mamlaka, hakina umri mrefu.

Vijana wa 1905 walikuwa wametambua hilo, ama kwa akili ama kwa silika. Hawakuwa wafanyakazi wa kasri. Walikuwa watu wa mjini, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, waliotaka kupiga muziki ule wa kifalme majumbani kwao. Wakachanga fedha, wakaagiza ala kutoka Misri, wakajifunza kwa waliotangulia, wakaimba kwa Kiarabu kama ilivyokuwa desturi ya muziki wenyewe. Chama kilikuwa na ada, kilikuwa na vikao, kilikuwa na nyumba ya kukutania ambamo watu walipiga, walikula, walicheza karata na kuzungumza habari za mji. Haikuchukua miaka mingi kikazaliwa chama cha pili, Nadi Shuub, na ushindani ukaanza. Mji ukapata sikukuu zake: Idd ikifika, watu walijua pa kwenda.

Nilisema umiliki ndio siri, na hapa naona pa kulitetea neno hilo. Kikundi cha kuajiriwa, mwajiri akiondoka, wapigaji hutawanyika kila mtu na riziki yake. Chama cha marafiki kinaweza kukosa fedha mwaka mzima na bado kikakutana, kwa sababu waliokuja hawakuja kwa mshahara. Mmoja akifa mwingine anashika fidla yake. Ala ni za nyumba, hazirithiwi na watoto wa marehemu. Na kijana anayekuja kukaa kwenye kona akisikiliza anaweza, baada ya miaka kadhaa ya kubeba ala na kupika kahawa, kupewa tari iitwayo rika ajaribu mdundo. Shule kubwa za muziki duniani hazina njia bora zaidi ya kupata wapigaji.

Inafaa msomaji ajue kinachosikika usiku wa shughuli kikoje. Okestra ya taarab asilia, kama muziki huu unavyoitwa, inaweza kuwa na watu ishirini, pengine zaidi. Mbele wameketi wapiga fidla kwa safu. Ganuni limelazwa mapajani au mezani, kisanduku bapa chenye pembe kali, nyuzi zaidi ya 70 zikiwa zimepangwa tatu tatu, kila tatu zikitoa sauti moja, na chini ya daraja lake kuna ngozi ya samaki au ya mbuzi inayoipa sauti ule mng'ao wake. Mpigaji huzidonoa kwa vidole viwili vya shahada vilivyovishwa pete na kijipande kigumu. Pembeni yake kuna udi, tumbo lake kama nusu ya boga. Kuna nai, filimbi ya mwanzi inayopuliziwa pembeni ya mdomo. Akodiani iliingia baadaye, na selo, na besi kubwa ya kusimama. Midundo inashikwa na dumbak, rika na bongo.

Okestra hii haina kiongozi mwenye fimbo. Wote wanafuata melodia moja, lakini kila ala inaipamba kwa tabia yake: fidla inaiburuza, ganuni linaitawanya kuwa matone, udi unaikata. Mwanzo wa shughuli hupigwa bashraf, muziki mtupu usio na maneno, ambao asili yake ni kasri za Waturuki na ulifika Unguja kupitia Misri. Ni wakati wa wapigaji kulainisha vidole na wasikilizaji kutulia. Kisha mwimbaji anasimama. Hachezi, harukiruki. Anasimama wima, mikono imetulia, na uso hausemi sana, kwa maana kazi yote imeachiwa maneno na koo. Ubeti una mistari mitatu au minne yenye vina vya kati na vya mwisho, mizani 16 kila mstari, kisha kiitikio, kisha okestra inajibu kwa kipande chake, kisha ubeti mwingine. Wimbo mmoja unaweza kuchukua dakika kumi au zaidi, na hakuna anayeona ni mrefu.

Msikilizaji naye ana kazi. Ubeti unapomgusa, anasimama na noti mkononi, anatembea pole pole kwa mwendo wa ngoma hadi mbele, anamtunza mwimbaji, anarudi kiti chake. Ukumbi mzima unaona ni ubeti upi uliomwinua. Kama kulikuwa na ugomvi wa jirani au wa mke mwenza, jibu limeshatolewa hadharani bila mtu kutaja jina. Utunzi wa taarab umejengwa juu ya mafumbo ya namna hiyo, na hadhira ya Unguja ni hodari wa kuyafumbua.

Lakini mafumbo yanahitaji lugha ya wasikilizaji, na Ikhwan Safaa miaka yake ya mwanzo iliimba lugha ambayo wengi mjini waliijua kwa sala tu. Aliyegeuza mambo ni mwanamke. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, mama yake akifinyanga vyungu na yeye akivichukua mjini kuviuza huku akivinadi kwa sauti ambayo watu walianza kuisubiri. Alihamia mjini mnamo 1911. Mwanachama mmoja wa Ikhwan Safaa alimsikia, akamfundisha kuimba na ala, akamwingiza kwa wenzake. Kwa desturi ya wakati ule mwanamke hakuweza kuwa mwanachama wa kawaida wa chama cha wanaume, na Siti akaishia kuwa na kikundi chake: Subeit bin Ambar kwenye udi, Mbaruk kwenye fidla, Budda Swedi, Maalim Shaaban.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwasafirisha Bombay kurekodi. Santuri zile zikauzwa mwambao mzima na zikapanda bara hadi kwenye miji ya ziwani, zikiwa za kwanza kuwaonyesha wafanyabiashara wa Ulaya kwamba Kiswahili kina soko. Nyimbo zilisimulia mambo ya mji: mahakama iliyopotosha haki, tajiri aliyedhulumu, mwanamke aliyeuawa. Siti alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu ambao unasomwa hadi leo.

Ikhwan Safaa haikugeuka haraka. Ilichukua muda hadi Kiswahili kikachukua nafasi ya kwanza katika nyimbo zake, na miaka ya 1950 ndipo mkondo ulipokamilika. Wakati huo mambo mawili yalikutana. Filamu za Misri zilikuwa zikionyeshwa katika majumba ya sinema ya Unguja, na ndani ya filamu hizo kulikuwa na Umm Kulthum, Mohammed Abdel Wahab na Farid al-Atrash wakiimba mbele ya okestra kubwa zilizojaa fidla. Redio Kairo ilisikika usiku. Na mwaka 1951 Sauti ya Unguja ilianza kutangaza, ikihitaji muziki wa nyumbani wa kujaza saa zake. Chama kikatanuka. Safu moja ya fidla ikawa mbili, selo na besi zikaongezwa, na sauti kama ya Bakari Abeid zikawa zinajulikana hata kwa watu wasiowahi kufika Malindi. Wanawake nao, ambao miaka ile walikuwa na vyama vyao vyenye majina ya kijasiri kama Royal Air Force na Sahib el-Ari, walipambana kwa nyimbo na mavazi kiasi kwamba mji uligawanyika pande.

Naona hapa pana jambo lililo kubwa kuliko muziki, na hapa ndipo Mwisenge inapoingia. Mwaka 1934 mtoto wa Chifu Nyerere Burito, ndiye Mwalimu Nyerere wa baadaye, alitembea kutoka Butiama hadi Musoma, karibu kilomita 40, akaandikishwa katika shule ya Mwisenge. Alikuwa na miaka 12 hivi. Mwalimu wake mmoja alikuwa James Irenge, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya darasani kwa mtoto huyo wa Kizanaki. Miaka 29 baadaye, akiwa Rais wa Tanganyika, alichapisha Julius Caezar, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Alichukua kazi kuu ya watu wengine, akaiketisha katika Kiswahili mpaka ikasimama kwa miguu yake. Wapigaji wa Malindi walikuwa wamefanya kazi ileile kwa okestra ya Misri, na walikuwa wameanza mapema zaidi.

Mwalimu alikuwa na neno kali kuhusu muziki pia. Tarehe 10 Desemba 1962, akihutubia Bunge siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, alitangaza kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alilalamika kwamba wasomi wa nchi walijua kucheza rumba, chachacha na waltz, ilhali wachache walijua ngoma za gombe sugu au mangala, na wapo waliokuwa hawajapata hata kuzisikia. Kwa lalamiko hilo alikuwa na haki. Ila swali la taarab halijibiki kwa urahisi kwa kipimo hicho. Ni muziki uliokuja na jahazi na meli, kwa ala za kigeni, kwa ngazi za sauti za Kiarabu kama rasti na bayati ambazo ndani yake mna robo za sauti zisizopatikana kwenye kinanda. Ungepimwa kwa pasipoti, ungerudishwa bandarini. Ukipimwa kwa waliouimba, waliouhifadhi na waliolia nao, ni wa hapahapa.

Kipimo hicho kililetwa mezani kwa ukali mwezi Januari 1964. Mapinduzi yaliyomwondoa Sultani Jamshid yaligusa kila nyumba ya mjini, na chama chenye wanachama wengi wa asili ya Kiarabu kisingesalimika bila jeraha. Baadhi ya wanamuziki waliondoka kwenda Oman, Dubai na kwingineko. Nyumba zao zikabadilika, fidla zao zikapotea njiani au zikaenda nao. Vyama vikawekwa chini ya uangalizi wa chama tawala. Wakati huohuo kikundi kingine kilikuwa kinapanda: Shime Kuokoana, kilichoanzishwa 1958 na kufungamana na vijana wa chama cha Afro-Shirazi, ambacho baadaye kilijulikana kama Culture Musical Club. Hicho kilikuwa na wanachama wengi wa kawaida wa mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na kilikuwa na serikali nyuma yake.

Lingekuwa jambo rahisi Malindi kufa katika miaka hiyo. Haikufa. Waliobaki waliendelea kukutana, kupiga na kurekodi kwenye redio ya Zanzibar, na kwa bahati kanda za redio zilihifadhi sauti za zama hizo. Iddi Abdalla Farhan aliendelea kutunga na pia akaandika juu ya taarab. Seif Salim Saleh alikuwa mwimbaji, mpiga ala na mtafiti kwa wakati mmoja. Mohammed Ilyas, Rukia Ramadhani na wengineo wakashika zamu. Vyama viwili vikawa na ushindani wa namna mpya: Malindi wenye ufasaha wa Kiarabu na upole wa zamani, Culture wenye watu wengi na mdundo mzito zaidi. Mashabiki wa kila upande hadi leo watakuthibitishia kwamba wa kwao ndio wenye taarab halisi.

Mwaka 1988 kampuni ya GlobeStyle kutoka London ilikuja Unguja ikarekodi mfululizo wa albamu, moja ikiwa ya Ikhwan Safaa. Ndiyo iliyoifanya dunia ya nje isikie okestra nzima ya Kiswahili ikipiga kwa ukubwa wake. Mwaka 2005 chama kilipotimiza karne, kampuni ya Buda ya Ufaransa ilifungua mfululizo wake wa Zanzibara kwa albamu ya miaka mia ya taarab ya Zanzibar. Mwaka huohuo Bi Kidude, aliyekuwa bibi wa umri mkubwa na shina la unyago na taarab ya mtaani, alipewa tuzo ya WOMEX. Sifa zilikuwa za kweli. Lakini sifa hazinunui nyuzi za fidla.

Nyumbani kulikuwa na mawimbi mengine. Miaka ya 1990 taarab ya bara ilijaa mipasho. Kundi la TOT la Khadija Kopa, ambaye alianzia Culture Musical Club, na kundi la Muungano la Nasma Khamis Kidogo yalitupiana maneno jukwaani, na kumbi zikafurika hadi mikoani. East African Melody, kisha Jahazi ya Mzee Yusuf, waliweka kinanda cha umeme mahali pa fidla kumi. Mimi sina ugomvi na mipasho. Watu waliifurahia na watunzi wake walijua kazi. Lakini hesabu ilikuwa mbaya kwa okestra. Kinanda kimoja, mpigaji mmoja, malipo ya mtu mmoja. Kwa mwenye harusi anayepiga hesabu ya chakula na hema, watu ishirini wenye ala za mbao ni gharama. Kizazi kizima cha bara kikakua kikijua taarab bila kupata kuliona ganuni.

Ndiyo maana kazi iliyofanywa Mizingani, Unguja, ina thamani kubwa. Katika jengo la zamani la forodha, mbele ya bahari, kilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 chuo cha muziki cha nchi za jahazi. Chuoni ganuni, udi, fidla, nai na ngoma za asili zinafundishwa kwa ratiba na mitihani. Wasichana wanapiga ganuni na fidla, jambo ambalo lingewashangaza waasisi wa 1905. Chuo hicho nacho kilikumbwa na ukata wafadhili wa nje walipopunguza mkono, na kikalazimika kuomba hadharani ili kisifungwe. Ukiangalia vizuri, ni hatari ileile ya kasri ya Barghash: mlezi mmoja, au walezi wachache, na pumzi yao. Beit al-Ajaib yenyewe, fahari ya sultani yule, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Nyumba ya chama cha vijana wa 1905 haina fahari ya namna hiyo, na bado watu wanaingia na fidla mikononi.

Kidumbak nacho kimekuwa shule isiyo rasmi kwa muda wote huu. Ni kikundi kidogo cha mtaani: fidla moja, ngoma mbili ndogo za udongo, na sanduku lililogeuzwa kuwa besi kwa fimbo na uzi mmoja. Kinapiga nyimbo za okestra kubwa kwa kasi ya kucheza, kwenye harusi za shamba, hadi alfajiri. Wapigaji wengi wa okestra walianzia humo, na wengi huenda huko kutafuta riziki siku ambazo okestra haina shughuli. Mpango wowote wa kuilinda taarab asilia unaosahau kidumbak unaacha nje mlango ambao wapigaji wenyewe huingilia.

Sasa turudi ziwani. Mara ina wapigaji wa litungu, wa nyatiti, na watunzi wanaoimba sifa za ng'ombe, vita, mabinti na marehemu kwa ufundi ambao hauna haja ya kuombewa radhi mbele ya muziki wowote. Kinachokosekana ni nadi, yaani chama. Mpigaji wa litungu kwa desturi ni mtu mmoja na ala yake, anaitwa kwenye shughuli, analipwa, anaondoka. Akizeeka, ala inatundikwa ukutani na nyimbo zinakwenda naye. Ikhwan Safaa inaonyesha kitu kinachowezekana bila serikali kutoa senti ya kwanza: watu kumi au kumi na watano, ada ndogo ya mwezi, chumba, ala zinazobaki kuwa za chumba, na siku ya kukutana isiyoahirishwa kwa sababu hakuna harusi.

Na kuna nafasi nzuri ya kuanzia. Kila tarehe 14 Oktoba taifa humkumbuka Mwalimu, na Butiama na Musoma hupata wageni. Shule ya Mwisenge ina uwanja. Ningependa kuona jukwaa moja hapo ambapo okestra ya Malindi inaalikwa kutoka Unguja, inapiga bashraf yake ya kufungulia, kisha wazee wa litungu kutoka Tarime na Serengeti wanaketi kwenye vigoda vyao upande wa pili, na wapigaji wa nyatiti kutoka Rorya pamoja nao. Wakutane siku mbili kabla, wafanye mazoezi, wajaribu wimbo mmoja kwa pamoja. Kazi ya kwanza itakuwa kulinganisha sauti, nayo si ndogo. Ganuni lina vijifungio vya chuma vinavyosogeza uzi kwa robo ya sauti, juu au chini, wakati wimbo ukiendelea. Litungu halina, mpigaji hulikaza kwa kufuata koo lake mwenyewe, na koo la mzee wa miaka sabini lina mahali pake pa kusimama. Kwa hiyo ganuni ndilo litakalosogea, uzi kwa uzi, tatu tatu, mpaka likutane na nyuzi nane za Mara.